Nimepangiwa operesheni ya saratani ya mashavu ya uke, nijiandae vipi na kidonda kinaponaje?

Swali: Nina miaka 54. Nimewashwa huko chini miaka mingi, napewa dawa za fangasi, naenda narudi, mwisho wakakata kinyama wakapima wakasema ni saratani ya mashavu ya uke. Uvimbe una sentimita 2 na nusu, uko upande wa kulia. Operesheni ni wiki tatu zijazo, wamesema watatoa uvimbe na kuangalia tezi za kwenye kinena. Mume wangu nimemwambia ni "uvimbe tu". Navuta sigara kama 6 kwa siku. Nijiandae vipi, kidonda cha sehemu kama ile kinapona vipi, na je mambo ya ndoa ndo yameisha?

Jibu: Pole sana dada yangu. Kwanza nikwambie mimi ni muuguzi sio daktari mpasuaji, nimekaa miaka mingi wodini na wanawake waliotoka kwenye operesheni hii hii, kwahiyo yale ya kisu muulize anayeshika kisu, mi nitakwambia zaidi ya kitandani na bafuni maana huko ndiko utakapopambana mwenyewe. Operesheni yenyewe ni kazi ya masaa machache na utakuwa umelala, kazi yako wewe inaanza ukiamka na inaenda wiki kadhaa, na karibu yote ni vitu vidogo vidogo vya kuchosha, kuosha, kukausha, kulala ubavu, kuvumilia kutokaa.

Ngoja nielezee kwa ufupi watakachofanya ili usiende na picha ya kutisha kichwani. Zamani walikuwa wanatoa mashavu yote mawili pamoja na tezi za pande zote kwa mkato mmoja mkubwa kutoka kinena hadi kinena, na ukisoma soma mitandaoni utakuta bado watu wanahadithia hiyo. Siku hizi kwa uvimbe kama wako mara nyingi wanatoa uvimbe na ukingo wa nyama nzima kuuzunguka, kama sentimita moja hivi au zaidi kidogo, alafu kwenye kinena wanapasua sehemu nyingine ndogo peke yake. Tezi za kinena ni zile zile ambazo ukiwa na kidonda mguuni zinavimba tunasema umepata mtoki, ndo kituo cha kwanza saratani hii inakopita ikitaka kusafiri, kwahiyo lazima zijulikane zina nini. Kama uvimbe uko mbali na mstari wa katikati wanaangalia upande mmoja tu, ukiwa karibu na katikati wanaangalia pande zote.

Hapa kuna swali moja naomba uende nalo kwa daktari wako kabla ya siku yenyewe: je nafaa kutolewa tezi mlinzi peke yake? Tezi mlinzi ni ile ya kwanza kabisa inayopokea maji kutoka kwenye eneo la uvimbe, wanachoma sindano ya dawa yenye mionzi kidogo na mara nyingi rangi ya bluu pembeni ya uvimbe, ile tezi inayoidaka ndo wanaitoa wanaipima. Kwa kawaida wanaofaa ni wenye uvimbe mmoja, usiofika sentimita 4, na vipimo havionyeshi tezi zenye shaka, kwa maelezo yako unaweza kuwa mmoja wao. Kwanini nasisitiza? Kuna utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa 2008, waliotolewa tezi mlinzi tu asilimia 1.9 ndo walipata mguu kuvimba kwa mda mrefu, waliotolewa tezi zote za kinena ilikuwa asilimia 25.2, na vidonda vya kinena kufumuka ilikuwa asilimia 11.7 kwa 34. Hiyo tofauti sio ndogo, ni maisha ya mguu wako hayo. Ila kama daktari ana sababu ya kutoa zote msikilize, usije ukakataa kwa sababu ya maneno yangu. Na kama watatumia rangi, usishtuke ukikojoa kijani au bluu siku moja mbili, tumeshaona watu wanalia chooni bure.

Sasa maandalizi. Sigara dada yangu acha leo, sio wiki ya mwisho, leo. Najua kila mtu anakwambia hivyo na unachoka kusikia, lakini hapa sizungumzii mapafu nazungumzia mshono. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu na moshi unaiba nafasi ya oksijeni kwenye damu, na ngozi ya sehemu ile ikishavutwa na kushonwa inaishi kwa hiyo mishipa midogo tu, ikikosa damu inakufa pembeni mshono unaachia. Wiki tatu zinatosha kuleta tofauti. Ukishindwa kuacha kavu kavu waambie wakupe msaada, kuna dawa na kuna ushauri, hakuna atakayekugombeza.

Dawa zote unazomeza ziandike kwenye karatasi uende nayo, hasa za kulainisha damu, za presha na za sukari, na za mitishamba pia usizifiche maana baadhi zinaongeza kutoka damu. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako, wao ndo watakwambia ipi uache na lini. Kama una sukari ishushwe vizuri kabla, sukari ikiwa juu kidonda kinakuwa shamba la bakteria. Watakupima damu, moyo, pengine kifua na picha za CT au MRI, hayo ni ya kawaida. Kula vizuri hizi wiki tatu, vyakula vya kujenga mwili hasa, na tembea kila siku hata nusu saa.

Na usinyoe! Hili nalirudia kwa sababu wanawake wengi wanaona aibu kwenda "bila kujitengeneza", wembe unaacha michubuko midogo isiyoonekana na bakteria wanaingia humo, kama kuna nywele za kupunguza watapunguza wenyewe kwa mashine hospitali. Oga tu vizuri. Chakula utaambiwa usile kama masaa 6 kabla, maji meupe mara nyingi mpaka masaa 2 kabla, ila fuata ya kwenye karatasi yako. Utalala kwa nusu kaputi au watakuchoma ganzi ya mgongo, au vyote viwili, atakayekulaza atakuja kuongea nawe na hapo ndo mahali pa kusema kama una meno ya bandia au uliwahi kutapika sana baada ya operesheni.

Vya kuandaa nyumbani ni vichache: jagi la plastiki la kumiminia maji, chupi kubwa za pamba au uamue kukaa bila kabisa, magauni mapana, pedi zisizo na manukato, na kioo kidogo cha mkono. Hicho kioo nitakirudia. Pia tafuta mtu wa kukaa nawe angalau wiki mbili za mwanzo, kuinama na kunyanyua hutaweza, na jifunze kuanzia sasa kutoka kitandani kwa kugeukia ubavu alafu unajisukuma na mkono, ukisubiri kujifunza ukiwa na nyuzi kwenye kinena utanikumbuka.

Ukiamka utajikuta na mpira wa mkojo, dripu, na pengine kimrija kwenye kinena kinachotoa majimaji kwenda kwenye kichupa. Mpira unasaidia mkojo usipite kwenye mshono siku za mwanzo, unaweza kukaa siku moja au zaidi, inategemea wamekata karibu kiasi gani na njia ya mkojo. Utachomwa sindano ndogo za tumboni za kuzuia damu kuganda miguuni, wengine wanaendelea nazo nyumbani mpaka wiki 4, utafundishwa kujichoma mwenyewe na sio ngumu hata kidogo. Watakusimamisha utembee mapema, mara nyingi kesho yake, hata kama unaona wanakutesa. Maumivu wengi wananiambia ni madogo kuliko walivyotegemea kwenye mashavu yenyewe, kinachosumbua ni kinena kuvuta ukinyoosha mguu, alafu ndani ya paja panakuwa na ganzi kwasababu vimishipa vya fahamu vya ngozi vimekatwa. Ganzi hiyo inapungua polepole kwa miezi, kwa wengine kipande kidogo kinabaki hivyo hivyo. Dawa za maumivu meza kwa saa, usisubiri mpaka uume meno. Kukaa hospitali ni siku moja mbili kwa operesheni ndogo, na wiki au zaidi kama ni kubwa au wamehamisha ngozi kutoka pajani kuja kuziba pengo.

Haya, kidonda. Sehemu ile ina joto, ina unyevu, iko jirani na mkojo na haja kubwa, kwa hesabu ya kawaida isingepona kabisa, lakini ina damu nyingi na ndo inayoiokoa. Kanuni ni moja, iwe safi na ikauke. Kila ukikojoa mimina maji ya uvuguvugu kutoka mbele kwenda nyuma, huku bado unakojoa ni bora zaidi maana mkojo unakuwa mwepesi hauchomi, ukimaliza gusa gusa na kitambaa laini safi au tishu, usisugue. Sabuni ya manukato hapana, dawa za kuua wadudu za kumwaga kwenye beseni hapana, chumvi kama hujaambiwa achana nayo, poda hapana kabisa. Baada ya kuosha lala chali dakika kumi au kumi na tano magoti yamekunjwa na miguu imeachana, mlango umefungwa, upepo upite. Wanawake wanaona hiyo ni kituko, ila naomba uifanye mara tatu nne kwa siku, hakuna krimu inayoishinda.

Kukaa ndo mtihani. Wiki mbili za kwanza kaa kidogo sana, uwe umelala ubavu au umesimama au unatembea, ukikaa mda mrefu mshono unavutwa na uzito wote unashuka hapo. Lile pete la kukalia lenye tundu katikati wengi wanalinunua, mi silipendi, linaacha nyama zining'inie kwenye tundu na mshono unavutika, afadhali mto laini wa kawaida na ukae umeegemea upande. Choo kigumu nacho ni adui, dawa za maumivu kali zinafunga tumbo, kwahiyo kunywa maji mengi na kama umepewa dawa ya kulainisha choo imeze hata kama unaona choo ni kawaida. Ukijikamua siku ya tano unaweza kuharibu kazi nzuri ya fundi.

Sasa hili nataka ulisome mara mbili. Kati ya siku ya tano na wiki mbili hivi, kuna uwezekano mkubwa kabisa kipande cha mshono kikaachia. Inatokea sana kwenye operesheni hii, hata kwa waliofuata kila kitu. Haina maana umekosea au saratani imerudi. Waonyeshe kidonda, mara nyingi hawashoni tena, wanakiacha kijijaze chenyewe kutoka chini kuja juu, inachukua wiki zaidi lakini kinajaza, na mwisho wake kovu linashangaza kwa uzuri. Utando wa njano njano uliolala juu ya kidonda peke yake sio lazima uwe usaha. Cha kukimbiza hospitali ni wekundu unaosambaa na joto, harufu mbaya mpya, maji mazito yanayoongezeka, homa ya 38 au zaidi, damu inayolowesha pedi, maumivu yanayopanda badala ya kushuka. Na kigimbi cha mguu mmoja, ile nyama ya nyuma chini ya goti, kikivimba na kuuma, au kifua kikibana na pumzi ikakata ghafla, hiyo usisubiri asubuhi, nenda usiku huo huo, inaweza kuwa damu imeganda.

Hapo ndo kioo kinapoingia. Mtu anatoka wodini hajawahi kujitazama, anaosha kwa kupapasa huku amefumba macho, alafu siku ya kliniki anatuambia anaendelea vizuri na tunakuta kidonda kimeoza pembeni wiki nzima. Aibu hiyo naielewa. Ila jiangalie, mara ya kwanza ukiwa bado wodini na muuguzi pembeni akuelezee huu ni uzi, huu ni uvimbe wa kawaida utashuka, hii nyeusi ni damu imevilia. Siku za mwanzo kila kitu kimevimba na hakifanani na chochote, usihukumu mwili wako kwa picha ya siku ya tatu. Ukishaijua sura yake, kikibadilika utakuwa wa kwanza kujua. Nyuzi nyingi zinayeyuka zenyewe, ukiona vipande kwenye pedi wiki ya pili ya tatu usishangae.

Mkojo unaweza kuanza kwenda pembeni au kutawanyika badala ya kushuka moja kwa moja, inaudhi lakini haina hatari, inama mbele kidogo au jaribu kukaa tofauti, wengine inapungua uvimbe ukishuka. Kuendesha gari na kubeba vizito subiri wiki 4 mpaka 6 na ruhusa ya daktari wako. Kwenye kinena kunaweza kutokea mfuko wa maji baada ya kimrija kutolewa, unausikia kama kipira, ukiwa mdogo unanyonywa wenyewe, ukiwa mkubwa wanaufyonza kwa sindano, usiutoboe wewe.

Mguu nao una habari zake ndefu. Ukitolewa tezi, hasa zote, maji ya mwilini yanapoteza njia zake za kurudia na yanaweza kutuama mguuni, mara nyingine mwaka mmoja miwili baadae ukiwa umeshasahau. Dalili za mwanzo ni ndogo, kiatu cha upande mmoja kinabana jioni, mguu mzito, alama ya soksi inabaki. Ukiziona mapema sema, kuna soksi maalumu za kubana, kuna mazoezi na ukandaji wa wataalamu, ikiachwa ngozi inakuwa ngumu na kuirudisha ni kazi. Paka losheni kila siku ngozi isipasuke, usitembee peku, mkwaruzo mdogo osha na uufuatilie, na mguu ukiwa mwekundu wa moto na homa hiyo ni maambukizi unahitaji antibayotiki siku hiyo hiyo. Na endelea kutembea, watu wanadhani mguu upumzishwe, kumbe misuli ndo pampu.

Mume sasa. Umemwambia "uvimbe tu", na wiki tatu zijazo unarudi nyumbani huwezi kukaa, unaosha kwa jagi, unalala na miguu imeachana. Hiyo siri haitashika hata siku mbili. Mi ningekushauri umwambie kabla, tena nenda naye kliniki moja, daktari aseme yeye hayo maneno mazito. Na kitu wanaume wengi wanakiogopa kimya kimya, kwahiyo mwambie bila kuulizwa: haiambukizi, hawezi kuipata kwako kwa kulala nawe. Baadhi ya saratani hizi zinahusiana na kirusi cha HPV ambacho karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana anakutana nacho maishani, nyingine hazina uhusiano nacho kabisa, zinatokana na ugonjwa wa ngozi wa kuwasha wa miaka mingi kama lichen sclerosus. Kuwashwa kwako kwa miaka mingi kunanifanya nifikirie huo wa pili, uliza majibu ya kinyama yalisemaje, kwasababu kama unao kuna mafuta ya steroidi utaendelea kupaka hata baada ya operesheni. Vyovyote, sio ushahidi wa nani alitoka nje ya ndoa, naomba hilo lisiingie chumbani kwenu.

Tendo la ndoa halijaisha. Uke wenyewe ndani kwa kawaida hauguswi, na kama uvimbe uko upande na kinembe kimebaki, hisia nyingi zinabaki. Kama kinembe kitalazimika kutolewa ni msiba wa kweli, sitakudanganya, lakini wapo wanaofika kileleni kwa njia nyingine baada ya mda na uvumilivu. Muulize mpasuaji waziwazi kabla: kinembe changu kinabaki au kinaenda? Anao wajibu wa kukujibu. Subiri mpaka kidonda kifunge na wakuangalie, mara nyingi ni wiki 6 hadi 12, alafu anzeni taratibu bila kuingiliana, kukumbatiana tu na kushikana, tumia jeli ya kulainisha ya maji, na mkao wa wewe kuwa ubavu au juu ili kasi uishike wewe. Kovu likibana mlango kuna vifaa laini vya kutanulia vya saizi tofauti na mafundisho yake, na umri wako ukavu wa kukoma hedhi nao unachangia, kuna krimu za homoni za huko ndani, uliza kama zinakufaa. Hamu inaweza kupotea miezi, hiyo ni huzuni na uchovu, sio mwisho, na kama unaona giza linakaa wiki na wiki omba kuonana na mshauri.

Majibu ya maabara huchukua wiki moja hadi tatu hivi, na hapo ndo utajua kama ukingo uko safi na tezi ziko safi. Vikiwa safi mara nyingi hakuna matibabu zaidi. Tezi zikiwa na saratani au ukingo ukiwa haujatosha wanaweza kuongeza mionzi, mara nyingine na dawa za kemo pamoja, au kurudi kukata kidogo, kwahiyo usitangaze umemaliza kabla ya hayo majibu.

Kliniki baadae ni kila miezi 3 au 4 miaka miwili ya kwanza, alafu zinaachana mpaka kama miaka 5, na kwa mwenye ugonjwa wa ngozi hata zaidi ya hapo. Ikirudi, mara nyingi inarudi karibu pale pale ilipoanzia, mahali ambapo macho yanafika. Kile kioo basi usikitupe kidonda kikipona, mara moja kwa mwezi jiangalie kwenye mwanga mzuri na upapase kinena kwa vidole, ukiona kidonda kisichofunga, kinundu, weupe mpya au sehemu inayowasha upya, piga simu kliniki siku hiyo, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, na safari hii wakikupa dawa ya fangasi bila kukuangalia, waambie una historia gani na uombe wakufunue waangalie.